Johann Ludwig Krapf: Mgeni Aliyejifunza Lugha Neno kwa Neno



Katika ukurasa huu wa maisha ya watangulizi wetu, safari hii tunawaletea mtu ambaye wengi wamelisikia jina lake lakini hawayajui maisha yake. Ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi ya kuliandika Neno la Mungu kwa Kiswahili kwa herufi tunazozitumia sisi leo.

Tumemchagua kwa sababu. Hapa Rusizi, ambako wazee bado wanapaita Cyangugu, familia nyingi zilizokimbia makwao zinahangaika na lugha. Kwa baadhi yetu Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani, au wanatoka Burundi na Kirundi chao kinawasaidia. Lakini wengine wanaanza mwanzo kabisa. Mama anafika soko la Kamembe na hawezi kuuliza bei ya unga. Mtoto aliyekuwa anasoma kwa Kifaransa ng'ambo ya mto Ruzizi anajikuta darasani kwa Kiingereza, kwa kuwa Serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa lugha hiyo. Baba anapewa karatasi ofisini, anaikunja na kuiweka mfukoni mpaka apate mtu wa kumsomea. Na wengi wetu watu wazima tumezoea kusema kwamba kichwa kimekwisha kuzeeka, lugha ni ya watoto.

Tusome basi habari za Krapf, ambaye alijifunza lugha akiwa mgeni, mgonjwa na mfiwa.

UTOTO WAKE

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Hapakuwa na mtu nyumbani aliyetazamia kwamba mtoto huyu atakuwa msomi.

Alipokuwa na miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo lilifanywa na mtoto mwingine. Ludwig aliugua karibu nusu mwaka. Akiwa kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma, na kitabu kilichokuwa karibu ni Biblia. Alizisoma habari za Agano la Kale mpaka akazijua kwa moyo. Alipopona na kwenda shambani wakati wa mavuno, aliwasimulia wavunaji habari hizo, nao wakastaajabu.

Baadaye dada yake alikwenda mjini kununua kalenda, akazungumza na mama mmoja mjane wa mchungaji. Kutokana na mazungumzo hayo njia ikafunguka, Ludwig akaingia shule ya Tübingen. Alitoka kijijini kila asubuhi kwa miguu, amebeba vitabu, kipande cha mkate mweusi na maziwa ya mgando kwa ajili ya mchana. Wenzake walikuwa wamemtangulia katika Kilatini. Yeye alilazimika kuyashika maneno ya Kilatini wakati wenzake wanapumzika. Baada ya Kilatini akajifunza Kigiriki, na baadaye Kiebrania na lugha nyingine.

Siku zile aliitazama ramani ya Afrika akaona kwamba upande wa mashariki majina yalikuwa machache mno. Akatamani kujua ni watu gani wanakaa huko. Akiwa kijana wa miaka 17 aliingia chuo cha wamisionari cha Basel katika nchi ya Uswisi.

KUFUKUZWA NA KUPORWA

Mwaka 1837 Krapf alitumwa Ethiopia na chama cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Alipita Misri, na huko Kairo alijifunza Kiarabu. Hakujua wakati ule kwamba Kiarabu hicho kitamsaidia siku moja mahali asipopafikiria.

Alifika Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, lakini mwaka 1838 yeye na wenzake walifukuzwa. Hakurudi Ulaya. Alizunguka kwa njia nyingine akafika nchi ya Shoa mwaka 1839, akakaa huko karibu miaka mitatu, sehemu kubwa ya muda huo peke yake. Alijifunza Kiamhari, kisha akaanza lugha ya Waoromo, ambayo wakati ule haikuwa na vitabu vya kujifunzia. Hapakuwa na kamusi wala sarufi ya kutosha. Alitafuta watu wa lugha ile, akauliza neno, akaliandika, akauliza tena. Kwa njia hiyo alipata orodha ya maneno na sarufi fupi, na sehemu za Injili zikatafsiriwa kwa Kioromo.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda pwani. Njiani mtawala mmoja wa eneo alimzuia na kumnyang'anya kila kitu. Krapf alifika Massawa kwa miguu, mchovu na mikono mitupu. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa maana ya safari ya namna hiyo.

Mwaka huohuo alioa huko Misri. Mkewe aliitwa Rosine Dietrich, binti wa Basel. Walijaribu kurudi Ethiopia wote wawili, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Katika nyika karibu na Massawa Rosine alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari ambalo maana yake ni chozi.

MSIBA WA MOMBASA

Kwa kuwa njia ya kaskazini ilikataa, walishika njia ya bahari kuelekea kusini. Januari 1844 walifika Unguja, ambako Sultani Seyyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Katika mwezi wa Mei mwaka huo Krapf na mkewe walikuwa wanakaa Mombasa.

Hapo Krapf alikuta lugha nyingine mpya kabisa. Kiamhari hakikumfaa tena. Kioromo hakikumfaa kwa watu wa mji ule. Alikuwa na miaka 34 na ilimbidi aanze kama mtoto.

Alipata mwalimu, naye alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidini, Mwislamu. Kiarabu alichojifunza Krapf huko Kairo kikawa daraja kati yao. Tarehe 8 Juni 1844 wawili hawa walianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Krapf hakungoja mpaka ajue lugha ndipo aanze kazi. Alianza kazi ili aijue lugha. Tena alianza na habari ambazo alikuwa anazijua tangu utoto wake, zilezile alizozisoma kitandani Derendingen, hivyo hata neno lilipokuwa geni, maana yake hakuitafuta mbali.

Wiki tano hazijatimia, msiba ukaingia. Rosine alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa Julai, kisha akashikwa na homa kali. Krapf mwenyewe alikuwa na homa hiyohiyo, amelala hawezi. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki. Mumewe alijikokota kwa shida kutoka kitandani ili ahakikishe kwamba kweli amekufa. Baada ya siku mbili mtoto naye akafa. Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ili watu wapitao njiani walione kaburi lake na kukumbuka kwa nini walikuja. Ndivyo ilivyofanyika, na kaburi hilo liko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mpaka leo.

Katika muda wa mwaka mmoja na kitu, Krapf alikuwa amezika watoto wawili na mke. Angekuwa na haki ya kupanda chombo na kurudi kwao. Alipopata nguvu alilirudia daftari lake. Aliendelea na kazi ya Mwanzo, akaendelea kukusanya maneno. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa katika jarida la wasomi huko Marekani. Hayo yalikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza ya Maandiko kuchapwa kwa lugha yetu ya Kiswahili.

Huzuni yake haikwisha kwa sababu ya kazi. Lakini kazi ndogo ya kila siku ilimpa jambo la kuamkia asubuhi, na watu wa kuzungumza nao.

RABAI NA LUGHA SITA

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Tarehe 25 Agosti mwaka huo walihamia Rabai, katika vilima nyuma ya Mombasa. Siku ile wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja tu, kwa hiyo walipokezana kumpanda.

Wenyeji wa Rabai hawakuwa Waswahili. Walikuwa na lugha yao, ambayo siku zile wageni waliiita Kinyika. Krapf akaanza tena. Lakini safari hii aligundua kwamba haanzi patupu, kwa sababu lugha hiyo na Kiswahili ni ndugu, na aliyejua moja alikwisha kuushika mwanzo wa nyingine. Injili ya Luka kwa Kinyika ilichapishwa Bombay mwaka 1848. Baadaye alikwenda Ukambani, akajifunza Kikamba. Mwaka 1850 alitoa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiswahili, na pamoja nacho orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo.

Tusidhani kwamba mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. Walioitikia Injili Rabai walikuwa wachache sana, unaweza kuwahesabu kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu maskini na mlemavu, ambaye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Mwaka 1851, katika safari ya pili ya Ukambani, msafara wa Krapf ulishambuliwa karibu na mto Tana na mwenyeji wake, mzee Kivoi, akauawa. Krapf alikimbia peke yake porini, akatembea usiku na kujificha mchana, akiwa na njaa na kiu. Maji aliyoyapata aliyatia katika mtutu wa bunduki kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Aliponea chupuchupu akarudi Rabai.

Mwaka 1853 afya yake ilikuwa imeharibika, akarudi Ulaya. Alifika tena Afrika Mashariki mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao huko Ribe, lakini hakuweza kukaa.

MZEE NA KAMUSI YAKE

Aliishi miaka yake ya mwisho katika mji mdogo wa Korntal, kwao Ujerumani. Mwili haukuweza tena kusafiri, lakini daftari hazikufungwa. Alisimamia uchapishaji wa Biblia ya Kiamhari. Aliendelea na maneno ya Kioromo. Na zaidi ya yote aliendelea na kamusi ya Kiswahili, akiongeza neno, akisahihisha neno, akieleza matumizi yake na desturi za watu wa Mombasa.

Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882. Tangu siku alipoketi na kadhi mpaka kufa kwake ni miaka 37, wala hakuiona kamusi hiyo ikiwa kitabu.

Je, Kiswahili chake kilikuwa hakina kosa? Hapana. Namna yake ya kuandika maneno iliwasumbua waliomfuata, na wengi waliisahihisha. Askofu Edward Steere wa Unguja na wenzake waliendelea na tafsiri kwa Kiswahili cha Unguja, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1891. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, ambayo familia nyingi za hapa zilikimbia nayo ndani ya mfuko pamoja na nguo za watoto. Kazi ya Krapf ilikuwa na makosa, lakini kama angeogopa makosa asingeandika hata ukurasa mmoja, na wale waliokuja nyuma wasingekuwa na kitu cha kusahihisha.

TUNAJIFUNZA NINI SISI WA HAPA?

Kwanza, kuanza na habari unayoijua. Krapf alianza na kitabu cha Mwanzo kwa sababu alikuwa nacho moyoni. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Chukua Injili ya Marko kwa Kiswahili, azima ya Kinyarwanda au ya Kiingereza, uziweke pamoja. Sura na mistari ni ileile. Soma mstari mmoja kwa lugha unayoijua, kisha mstari uleule kwa lugha unayojifunza. Kitabu cha Mwanzo kwa Kinyarwanda kinaitwa Itangiriro, na hata jina hilo ukilitazama vizuri utaona neno letu la kutangulia limejificha ndani yake.

Pili, kuitumia lugha uliyo nayo kama daraja. Umuntu ni mtu, umwana ni mwana, inyama ni nyama, igitabo ni kitabu. Anayejua Kiswahili, Mashi au Kifuliiru hawezi kusema kwamba Kinyarwanda ni giza tupu. Na mtoto aliyesoma Kifaransa atakuta maneno mengi ya Kiingereza yanafanana na aliyokwisha kuyajua kwa macho, ingawa matamshi ni mbali.

Tatu, kutafuta mwalimu katika jirani. Mwalimu wa Krapf hakuwa wa dini yake wala wa kabila lake, na hawakukubaliana katika mambo ya imani, lakini waliketi pamoja. Mama anayeuza nyanya karibu nawe, kijana wa bodaboda, mwenye nyumba mliyopanga, hao wote wanaweza kukupa neno moja kila siku. Kumwuliza mtu lugha yake ni kumheshimu. Mara nyingi urafiki unaanzia hapo, na kwa mkimbizi urafiki na mwenyeji ni ulinzi.

Nne, daftari. Neno lisiloandikwa linaruka. Andika maneno matano kwa siku, si hamsini. Kesho yake yasome yale ya jana kabla ya kuandika mapya. Mwisho wa mwezi utakuwa na maneno mia moja na hamsini, na hata ukisahau nusu, hukuwa nayo mwezi uliopita. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Asiyejua kuandika amwite mtoto wake amwandikie, na hivyo mtoto naye atajifunza.

Tano, saa moja maalumu. Anayesoma robo saa kila siku baada ya chakula atamshinda anayesoma siku nzima mara moja kwa mwezi. Sala ya jioni ni wakati mzuri. Kabla ya kuomba, mtoto mmoja asome kwa sauti mistari michache, leo kwa Kiswahili, kesho kwa Kinyarwanda, kesho kutwa kwa Kiingereza. Asiyejua asikilize. Akikosea asichekwe. Mtoto anayechekwa nyumbani hatafungua mdomo shuleni.

Wako ndugu wanaoogopa kwamba tukijifunza lugha za ugenini tutasahau kwetu. Wamkumbuke Danieli na wenzake. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake tunasoma kwamba walipelekwa Babeli, wakafundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Walijifunza wakafaulu, na bado dirisha la Danieli lilielekea Yerusalemu. Lugha mpya haikumnyang'anya Mungu wake wala nyumbani kwake. Ilimpa mdomo wa kusema mbele ya wakuu siku ilipohitajika.

Nasi hatujui tutakaa hapa mpaka lini. Wengine watarudi, wengine watapelekwa nchi za mbali, wengine watabaki. Vitu vyetu vingi vilibaki njiani, na vingine tuliporwa kama Krapf alivyoporwa. Maneno uliyojifunza hakuna kizuizi cha barabarani kitakachokuvua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni nani katika familia yetu anayehitaji zaidi kujua kusoma, na ni nani atakayeketi naye?

2. Ni jirani gani mwenyeji tunayeweza kumwomba atufundishe lugha yake, nasi tutampa nini?

3. Tutaweka saa gani ya kusoma kila siku?

TUOMBE

Mungu Baba, uliyewajalia mitume siku ya Pentekoste wasikike katika lugha za watu wote, uturehemu sisi tunaojifunza polepole. Wafariji waliofiwa ugenini. Uwape watoto wetu masikio ya kusikia na ujasiri wa kusema. Uwabariki majirani wanaotufundisha, na uifanye nchi inayotupokea iwe na amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.